Bi Mkubwa Alipopungua Ukali

Mama yangu mdogo kazi yake ni kufukuza mabinti wa watu. Kila Jumatano jioni humfukuza mmoja, na majirani wako radhi sufuria ziungue jikoni kuliko kupitwa. Tuelewane mapema: sura si yake. Sura ni ya mwigizaji wa nchi ya mbali, mwenye nyusi zilizochorwa kwa rula na mkufu mzito kama mnyororo wa geti. Sauti ndiyo ya mama mdogo. Tamthilia inaitwa *Machozi ya Mkazamwana*, na yeye ndiye anayemwingizia sauti ya Kiswahili Bi Mkubwa, mama mkwe mwenye nyumba ya vyumba vingi na roho isiyo na hata dirisha.

Mimi ni fundi sauti wa studio hiyohiyo. Yeye anaongea, mimi nabonyeza. Kwa hiyo nayajua matusi yake yote, na najua pia kwamba nje ya kile chumba cha kurekodia hajawahi kumfukuza hata paka. Paka wa jirani akiingia jikoni kwake na kuondoka na kitoweo, utamsikia tu akisema kwa masikitiko, "Jamani, si ungesubiri kipoe?"

Ile sauti alizaliwa nayo. Shuleni mwalimu wa kwaya alimsimamisha safu ya wavulana, wavulana wakaenda kulalamika kwamba anawafunika. Alipokua akaajiriwa kupokea simu kwenye kiwanda cha sabuni. Watu walikuwa wanapiga kwa hasira, sabuni haitoi povu, sabuni inawasha. Wakisikia tu ule mngurumo wa "Habari za asubuhi, nikusaidie nini," wanaomba radhi wao na kukata simu. Kiwanda kilimpenda sana, mpaka kiliponunua mtambo unaopokea simu wenyewe. Mama mdogo akarudi nyumbani. Mume alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, mtoto wa kiume bado hajui kufunga kamba za viatu. Akaanza kushona mapazia.

Na ni mapazia yaliyomleta kwetu. Chumba cha kurekodia kinafunikwa mapazia mazito kila upande ili sauti isirukeruke, na siku hiyo alikuja kupima. Kijana mmoja akaisogeza ngazi yeye akiwa bado juu yake. Mama mdogo akamwambia, "Iguse tena hiyo ngazi uone." Kumbe maikrofoni ilikuwa wazi. Upande wa pili wa kioo, msimamizi wa studio akamwaga chai kwenye shati. Anasema mpaka leo hajui kama ilikuwa hofu au furaha.

Wakamwanzishia sauti za umati. Kisha wakampa wanawake wanaojifungua, halafu wanaokufa, halafu farasi mmoja aliyekuwa na sehemu kubwa kuliko wengi wetu. Bi Mkubwa alipoletwa studio, hakuna aliyeuliza atapewa nani.

Kazi yenyewe, ukiiangalia kwa karibu, haina heshima hata kidogo. Anavua viatu kwa sababu vinalia. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Bi Mkubwa akila, yeye anatafuna karoti mbele ya maikrofoni. Mkazamwana na mumewe wakipigana busu, sauti zinatoka kwa watu wawili ambao hawasalimiani tangu mmoja alipokalia chakula cha mwenzake. Kila mtu anabusu mgongo wa mkono wake mwenyewe, amempa mwenziwe kisogo. Watazamaji wanalia kwa mahaba. Mimi nafuta mlio wa meno.

Huku mtaani, mama mdogo analipia dhambi za Bi Mkubwa. Akisalimu watoto, wanajificha nyuma ya mama zao. Muuza vitunguu mmoja aliwahi kuutoa mfuko mikononi mwake na kuurudisha mezani.

"Kamwombe msamaha yule binti kwanza," akamwambia.

"Binti yupi, dada yangu?"

"Unamjua! Mtoto wa watu umemlaza stoo, mjamzito!"

Mama mdogo alirudi bila vitunguu, anatabasamu njia nzima. "Mtu akikuchukia vizuri namna ile," aliniambia, "ujue kazi umeifanya."

Sasa, kila mwaka kituo cha televisheni kinachorusha tamthilia yetu huwaachia watazamaji wapange vipindi wavipendavyo. Mashabiki wanatuma meseji, kura zinahesabiwa, vipindi kumi vinapangwa kuanzia kinachopendwa kuliko vyote hadi kile ambacho hata wanaokitangaza hawakitazami. Vitatu vya mkiani vinaondolewa hewani. Kwa miaka, *Mkazamwana* ilikuwa ikikaa kileleni kama imepigiwa misumari. Meneja wa vipindi alikuwa anakuja studio na keki, anatoa hotuba, anakula keki, anaondoka.

Mwaka huu alikuja bila keki.

"Tuko nafasi ya saba!" alisema, hata hajakaa. "Ya saba! Mnajua aliye ya sita? *Afya ya Meno*!"

*Afya ya Meno* ni kipindi cha daktari mmoja anayeonyesha mswaki kwa nusu saa, na yeye mwenyewe hajawahi kuonekana akicheka. Inawezekana hana meno.

"Tumepitwa na ufizi," meneja akasema, sauti inakatika. "Kura hazijafungwa; tukishuka hatua moja tu, tumeingia kwenye zile tatu. Muziki ni uleule, saa ni ileile. Fundi, wewe unafanya nini huko? Umesahau kufungua sauti?"

Nilikuwa sijasahau. Nilikuwa nimeona kitu wiki kadhaa, sikutaka kukisema mbele ya watu. Sauti ya mtu ikirekodiwa hujichora kwenye kompyuta. Ya mama mdogo ilikuwa ikijichora milima, unaogopa hata kuikata. Siku hizo ilikuwa inajichora kama matuta ya viazi.

Nikamfuata kwenye kona ya chai.

"Mama mdogo, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu."

"Basi Bi Mkubwa ndiye mgonjwa. Jana umemwambia yule binti 'Toka nyumbani kwangu, kunguru wewe' utadhani unamwambia 'Karibu, viatu usivue.'"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Na ile sehemu ya ufagio," nikaendelea. "Anampiga binti kwa ufagio, halafu nasikia kitu chini kabisa. Nimekisafisha mara tatu, hakitoki."

"Nilisema 'samahani'," akanong'ona.

"Ndiyo ile! Mimi nikadhani ni mwangwi!"

Hapo akafunguka. Kaka, yaani mwanawe huyo wa pekee, sasa ni fundi wa lifti mwenye mabega na mshahara, alikuwa amepata mchumba. Binti ni mfamasia, mpole, mzuri. Tatizo halikuwa binti. Tatizo lilikuwa mama yake, Matroni wa hospitali, mkuu wa wauguzi wote, ambaye Jumatano jioni hapokei simu hata wodi ikiwaka moto. Ni shabiki wa *Mkazamwana* wa kiwango cha kutisha. Ameanzisha hadi kundi la simu la kumlaani Bi Mkubwa, na wauguzi wapya wanaingizwa humo siku wanayopewa sare.

"Mtu kama huyo anisikie mimi ndiye mkwe wake?" mama mdogo akasema. "Atampa mwanangu binti? Mwanangu akose mke kwa ajili ya koo langu?"

"Kwa hiyo ukaamua…"

"Nikaamua nimtulize kidogokidogo. Nikasema mpaka siku ya kuonana, Bi Mkubwa atakuwa ameshakuwa mtu wa kawaida tu. Mtu wa heshima zake."

"Mama mdogo, wiki ijayo anamtia binti sumu kwenye maziwa."

"Nitaisema taratibu."

Huyu mwanamke alikuwa anaiua kazi yake mwenyewe kwa adabu. Tamthilia ikiondolewa, anarudi kwenye mapazia, na macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano. Akiurudisha ukali, mwanawe anabaki na pete mfukoni. Nikamwambia amweleze Kaka. Akaniambia nikamalizie diploma yangu kwanza ndipo nitoe ushauri. Hiyo ndiyo namna yake ya kufunga mazungumzo, na hufungika kweli.

Siku ya kwenda kuonana ikapangwa, na mipango ya Mungu haina haraka ila ina vituko: ikaangukia Jumamosi ileile ya kufunga kura. Jioni saa kumi na mbili zinafungwa, baada ya hapo wanatangaza matokeo.

Kaka alituweka kikao kabla ya kutoka. Alivaa suti iliyombana shingo, au labda ni woga.

"Mama," akasema, "nakupenda. Nakuomba leo uwe bubu."

"Bubu kabisa?"

"Koo limekauka. Daktari amekukataza kuongea. Huyu," akaninyooshea kidole, "ndiye atakuwa mdomo wako."

"Huyu?" mama mdogo akashtuka. "Basi bora niongee."

Lakini alikubali, na njia nzima alijizoeza kutabasamu mdomo ukiwa umefungwa. Alifanana na mtu aliyemeza kifungo.

Sebule ya Matroni ilikuwa safi kiasi cha kukufanya ukumbuke kucha zako. Makochi yamevalishwa vitambaa, vitambaa vimevalishwa nailoni. Televisheni kubwa kama mlango, ina meza yake, taa yake, na kitambaa chake cha kufutia vumbi kilichokunjwa pembe nne. Kwenye kochi la pembeni alikaa mume wa Matroni, mzee mpole, mpima ardhi mstaafu, ameshika rimoti kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Nilielewa upesi kwamba kuishika anaruhusiwa, kubonyeza ni jambo jingine.

Matroni mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, kasi tupu. Nyumbani kwake, siku ya mapumziko, bado amebana saa ya uuguzi kifuani.

"Karibuni, karibuni! Mkwe, karibu! Mbona kimya?"

"Koo, mama," nikasema. "Limekauka. Daktari amemkataza kabisa kutoa sauti."

"Daktari gani?"

Hilo swali hatukulifanyia mazoezi.

"Yule… wa koo," nikasema.

Kaka akafumba macho. Binti, aliyekuwa analeta vikombe, akajiuma mdomo. Matroni alikuwa ameshasimama. Akarudi na tochi na kijiko.

"Hao madaktari wenu! Mkwe, kaa hapa kwenye mwanga. Fungua mdomo."

Mama mdogo akanitazama kwa jicho la mtu anayezama. Ningefanya nini? Akafungua mdomo. Matroni akakandamiza ulimi kwa kijiko, akamulika huku na huku.

"Pasafi! Hapana wekundu, hapana uvimbe. Koo kama la mtoto aliyezaliwa jana. Sema aaa."

Mama mdogo akatoa kitu chembamba, kama mlango wa kabati.

"Sema kwa nguvu!"

"Mama Matroni," nikaingilia, "koo ni la ndani zaidi. Kwa chini. Kule nyuma ya… kule."

"Nyuma ya koo kuna nini, kijana?"

"Mama, chai inapoa," binti akasema, na kwa hilo mimi nitamheshimu mpaka nife.

Tukanywa chai. Nikaongea mimi kwa niaba ya ukoo: tumefurahi kufika, nyumba nzuri, mtoto wetu hana makuu, hanywi, hacheleweshi lifti. Mama mdogo anaitikia kwa kichwa na kutabasamu kile kifungo chake. Nikaanza kuona Matroni anamwangalia kwa pembe ya jicho. Mtu asiyesema lolote anatisha kuliko anayefoka. Unaanza kumjazia maneno wewe mwenyewe. Matroni akamnong'oneza mumewe kwa mnong'ono wa kuamrisha wodi, sote tukasikia:

"Huyu anajiona."

Mzee akaitazama rimoti.

Hapo televisheni ikapiga ule muziki wake wa ngoma na tarumbeta: *Zimebaki dakika chache! Piga kura yako! Kipindi gani kitapanda, kipindi gani kitatuaga?* Majina yakapita kwenye kioo. *Mkazamwana* ya saba, bado.

Matroni akaachia sonyo refu. "Ya saba! Na inastahili. Mwaka huu kura yangu nimewapa wale wa tamthilia ya hospitali."

Nilisikia kikombe cha mama mdogo kikigonga kisahani.

"Mimi, mimi hapa niliyeanzisha kundi!" Matroni akaendelea, sasa anazungumza na televisheni. "Bi Mkubwa gani huyu siku hizi? Juzi anamfukuza yule mtoto kama anamwomba chumvi. Nimekaa hapa nimekunja ngumi, nasubiri nikasirike, sikasiriki! Nimekaa na ngumi zangu mpaka zikaniuma."

"Labda mwandishi amebadilika," nikajaribu.

"Mwandishi wapi! Uso ni uleule, macho yanawaka. Ni yule mwanamke anayemwingizia sauti. Amezeeka. Ameishiwa. Wamtoe wamweke kijana."

Mimi nilimtazama Kaka. Kaka alikuwa anatazama zulia, midomo inacheza. Nafikiri alikuwa anasali.

Mama mdogo akaweka kisahani mezani. Akasimama. Halafu, na hapa ndipo nilipojua tumekwisha, akavua viatu.

"Nani," akasema, "ameishiwa?"

Sikuwahi kuisikia ile sauti nje ya mapazia. Kwenye mashine huwa naipunguza. Pale hapakuwa na mtu wa kupunguza. Vijiko viliitikia kwenye vikombe.

"Kaa chini, bibi. Katika nyumba hii mimi nikiwa sijamaliza, hata saa ya ukutani husimama ikanisubiri. Unanipimia ukali kwa kijiko? Nimewafukuza walio na mizizi, wewe ni jani!"

Mzee akainua rimoti akazima televisheni. Sauti haikuzimika.

Matroni alikuwa amekaa. Sijui alikaa saa ngapi, sote tulikuwa tunamtazama mwingine. Mdomo wazi, mkono umeshika saa ya kifuani kama anahesabu mapigo yake mwenyewe.

"Ndiye wewe," akasema.

"Ndiye mimi," mama mdogo akajibu, na palepale nguvu zikamwishia. Akaketi, akavitafuta viatu kwa miguu. "Nisamehe, mkwe. Niite lolote. Mzee niite, mnene niite. Kuishiwa, hapana."

"Na mtoto wangu," Matroni akasema polepole, "ndiyo nyumba nilikuwa namwingiza hiyo?"

"Mama, nyumba yetu ina vyumba viwili," Kaka akasema. "Hata stoo ya kumlaza hatuna."

"Wewe nyamaza, sijakuuliza vipimo!"

Ikabidi mama mdogo aseme yote: kiwanda, mapazia, muuza vitunguu, jinsi alivyoogopa, jinsi alivyomtuliza Bi Mkubwa kidogokidogo, mpaka lile samahani la chini ya ufagio. "Kwa ajili yako, mkwe. Nisionekane mtu mbaya."

Nilitegemea Matroni alainike. Matroni akapanda kama maziwa.

"Kwa ajili yangu? Nani alikutuma? Unajua mimi naamka saa ngapi? Wagonjwa wananitukana, ndugu wa wagonjwa wananitukana, daktari mwenye umri wa mwanangu ananipigia kelele, nami ni 'ndiyo daktari, sawa daktari'. Siwezi kumjibu mtu! Jumatano nakaa hapa, namchukia Bi Mkubwa saa nzima, namtukana mpaka natokwa jasho, nalala kama mtoto mchanga. Wewe ukaniondolea! Unajua nimegombana na watu wangapi tangu uanze hizo adabu zako?"

"Wa kwanza mimi," mzee akasema. Ndiyo sentensi yake ya kwanza tangu tufike.

"Mama," binti akasema, "mimi nilimjua zamani. Alipiga simu kule duka la dawa kuniuliza kama mwanawe amekula, nikasimama wima na vidonge vikamwagika. Baadaye nikaenda kwao. Anampigia hodi hadi paka."

Matroni akamtazama binti yake, akamtazama mama mdogo, akatazama televisheni iliyozimwa. Mtu ukimwangalia unaona kabisa mizani inavyopanda na kushuka ndani yake: mama upande mmoja, shabiki upande wa pili. Siwezi kusema mama alishinda.

"Nitakupa tarehe ya harusi," akasema. "Na hizo kura, nina wodi zote kwenye simu hii. Lakini kwanza unijibu kitu kimoja." Akasogea mpaka magoti yakagusana. "Bi Mkubwa. Anakufa, hafi?"

Nikakohoa. Mkataba wetu una kifungu kizima kuhusu hilo. Ukitoa siri ya vipindi vijavyo, unatoka kwa mlango uliouingilia. Mama mdogo anakijua kile kifungu kuliko mimi. Akanitazama. Akamtazama Kaka na ile suti yake. Kisha akamwinamia Matroni sikioni, akaweka kiganja, akanong'ona.

Uso wa Matroni ukafunguka kama dirisha.

"Kweli?"

Mama mdogo akafumba macho, akainamisha kichwa kwa uzito wa msiba.

"Vibaya?"

"Ngazi," mama mdogo akasema. "Zote."

Matroni akapiga kofi moja lililomwamsha mumewe mawazoni. "Mzee, kalenda! Jumamosi ya kwanza mwezi ujao! Kuna mtu ana neno? Hakuna." Na simu ikawa tayari sikioni. "Wodi ya watoto? Nani yuko zamu? Acha hiyo sindano kidogo. Pigeni kura *Mkazamwana*, sasa hivi. Najua nilisema tuwasuse, mimi ndiye niliyesema, na mimi ndiye ninayesema! Mwenye mkono mzima apige. Na walio na plasta wasaidiwe."

Alipiga wodi kwa wodi. Akapiga maabara, akapiga jikoni, akapiga mapokezi. Mpaka mlinzi wa chumba cha maiti alipiga kura. Nasisitiza, mlinzi tu. Mzee akaruhusiwa kuwasha televisheni. Kioo kikaonyesha vipindi vinavyotuaga, vitatu, jina kwa jina, na letu halikuwemo. Tulikuwa wa sita. Wa saba alikuwa yule daktari na mswaki wake. Meneja alinitumia meseji yenye alama za mshangao peke yake. Kaka alilegeza tai kwa mara ya kwanza akapumua, na binti akamletea maji bila kuombwa.

Tulipotoka nje giza lilikuwa halijaingia vizuri. Kaka alitangulia barabarani, anatembea kama amewekewa springi. Mimi nikamshika mama mdogo mkono, nikamrudisha nyuma kidogo.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba Bi Mkubwa anaanguka ngazini, anakufa, wanamlilia, wanamweka kwenye jeneza."

"Mama mdogo. Tumesharekodi mpaka kipindi cha baada ya hapo. Anakohoa mle ndani ya jeneza, anaamka na kuwafukuza waombolezaji. Mimi mwenyewe nilikirekodi kile kikohozi!"

"Hilo hakuniuliza."

"Atakuua."

"Anakohoa lini?"

Nikahesabu kichwani, nikatafuta Jumatano yenyewe. "Mwezi ujao. Katikati."

"Na harusi?"

"Jumamosi ya kwanza."

"Basi," akasema mama yangu mdogo, akakitoa usoni kile kifungo alichokirudisha wakati wa kuagana na kuuachia mdomo wake upumue. "Wakati huo mtoto wao atakuwa kwangu. Mwite kaka yako apunguze mwendo, viatu hivi vinaniua."